Kupumzika Pwani Wakati wa Kusi



Si desturi ya wengi wetu hapa Muheza kwenda mahali kupumzika tu. Likizo kwetu ni kwenda kuwasalimu wazee, kupalilia shamba, ama kuhudhuria arusi. Kwa hiyo mwaka jana niliposema nyumbani kwamba mwezi wa Juni twende Pangani siku sita, sisi wawili na watoto wanne, bila arusi wala msiba, mke wangu aliniuliza kama ni mgonjwa. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa nimechoka, na yeye alikuwa amechoka kunipita, ila yeye hasemi.

Majira tuliyachagua kwa makusudi. Mwanzo wa Juni shule zimefungwa, masika yamekwisha, na wageni wa ng'ambo hawajaanza kuja kwa wingi. Ni wakati wa kusi. Upepo huo hushika tangu Aprili hivi ukaendelea mpaka Septemba ama Oktoba, na katika Juni na Julai hukaza kwelikweli. Bahari huchafuka, maji hayawi maangavu kama wakati wa kaskazi, na mwani hutupwa ufukoni marundo kwa marundo ukanuka. Siku nyingine mashua haziwezi kwenda hata kwenye fungu la mchanga la Maziwe. Lakini mtu atakaye kimya hapati wakati bora kuliko huo, maana ufuko wote ni wake na wa wavuvi. Niliutazama na mwezi pia, na mwenye watoto afanye hivyo: siku za bamvua, mwezi ukiandama ama ukiwa mpevu, maji hutoka mbali sana panapo saa nne asubuhi, watoto wakatembea mwambani kutafuta kaa, na panapo saa kumi alasiri yamejaa tele. Siku za maji mafu hayatoki hivyo. Haya yote niliyapanga vizuri. Lililonishinda ni jingine.

Tulifika kwenye nyumba ndogo ya wageni, ya bibi mmoja mtu mzima, chini ya minazi. Vyumba vyote vilikuwa vitupu. Nikamwamkia, "Shikamoo, bibi," akaitikia, akaniuliza habari za safari na za watoto. Kisha akataja bei: shilingi 40,000 kwa chumba kimoja kwa usiku, pamoja na chai ya asubuhi. Nasi tulihitaji vyumba viwili. Nikatazama ua mtupu, nikaona nimeshika mpini. Nikasema 20,000. Akacheka, akasema 35,000. Nikamwambia kwamba kule mbele tumekwisha kuambiwa 20,000, nayo haikuwa kweli. Sikuwa nimeuliza mahali pengine popote. Akanyamaza kitambo, akatazama watoto wangu waliokalia mizigo. Akasema, "Haya, mwalimu, iwe 22,000. Waingize watoto, wasikae juani."

Nakiri kwamba usiku ule nililala nikijisifu.

Siku ya tatu mke wangu alikwenda jikoni kusaidia kukuna nazi, maana hawezi kukaa bure hata akipewa likizo. Humo akazungumza na mpishi, mama wa makamo mwenye watoto kama sisi. Mama yule hana mshahara wa mwezi. Wakati wa kusi huitwa wageni wanapokuwapo tu, akalipwa kwa siku, 8,000. Safari hii bibi alimwambia mapema kwamba kwa bei waliyokubali wageni hawa hataweza zaidi ya 5,000. Mpishi hakulalamika, alieleza tu kama mtu aelezavyo hali ya hewa. Mke wangu aliporudi hakunigombeza. Alisema, "Kumbe sisi ndio wale wenye malori."

Hapo sina haja ya kuwafafanulia wasomaji wa Muheza. Kila mwaka machungwa yakiiva tunawaona wanunuzi wakiingia na malori yao, wakijua kwamba chungwa lililoiva halingoji. Leo usipouza, kesho linaanguka, kesho kutwa linaoza. Basi mnunuzi hutaja bei yake, akajaza gunia lumbesa, na mkulima hukubali. Mangapi hatujayasema juu ya watu hao, barazani na hata nje ya kanisa baada ya Misa! Nami mwenyewe nimesema sana, maana nina miti yangu arobaini. Sasa kitanda kitupu ni nini ila chungwa lililoiva? Usiku wa jana ambao chumba hakikupata mgeni hauwezi kuwekwa ghalani ukauzwa wakati wa kaskazi.

Niliporudi nilimweleza haya mzee mmoja wa parokia yetu, mfanyabiashara, mtu mwaminifu. Akanipinga, na hoja yake si ndogo. Alisema: "Usingekwenda, bibi yule angepata nini? Hakuna. Na mpishi? Hakuna. Umewapa 22,000 kwa chumba, nao wakakubali kwa hiari yao. Tena wewe ni mwalimu, si tajiri. Fedha uliyookoa ni daftari na sare za watoto wako. Wapi dhambi?"

Nimeifikiri hoja hii kwa muda mrefu, na sehemu yake kubwa naikubali. Ni kweli kwamba kidogo ni bora kuliko hapana. Ni kweli pia kwamba si kosa bei kushuka wakati wa kusi, maana kitu chenyewe kimepungua: bahari chafu, mwani unanuka, upepo unapiga milango usiku kucha. Anayelipa sawasawa na mgeni wa Desemba analipia kisichokuwapo. Wala simhesabii mtu kosa akichagua msimu wa bei nafuu kwa sababu mfuko wake ni mdogo. Bila msimu huo watoto wangu wangeiona bahari katika picha tu.

Lakini naona bei ile ilishuka kwa hatua mbili, na mzee wangu amezifanya moja. Toka 40,000 mpaka 35,000 bibi alishuka mwenyewe, akijua nyumba yake na majira yake. Toka 35,000 mpaka 22,000 hakikupungua kitu chochote chumbani. Kitanda kilikuwa kilekile na chai ileile. Kilichoongezeka ni woga wake wa kutupoteza, nao woga huo niliuchochea kwa uongo. Punguzo la kwanza lilitoka katika bahari. La pili lilitoka katika mkono wa mpishi, ambaye hakuwapo tulipokuwa tunapatana, wala hakuulizwa kama anakubali. Hiyo "hiari" anayoitaja mzee naiogopa kidogo. Mkulima wa machungwa naye hukubali.

Basi siku ya kuondoka nilifanya jambo la pili la kipumbavu. Nilitoa 60,000 zaidi, nikampa bibi mkononi, nikamwambia ni zawadi yake na ya mpishi. Nilitazamia anishukuru. Akazihesabu, akamwita mpishi, akampa 18,000, yaani zile 3,000 zilizopungua kwa siku sita. Zilizobaki akanirudishia. "Mwalimu," akasema, "mimi nilikuuzia chumba, sikukuomba. Tulipatana, yamekwisha. Ukitaka kunisaidia, siku nyingine usinidanganye bei za jirani. Jirani yangu huyo ni mdogo wangu, na nyumba yake imefungwa tangu Machi."

Niliona haya ambayo sijui kuiandika. Nilikuwa nimemnyima haki yake mlangoni, kisha nikataka kumrudishia kama sadaka ili nijione mwema. Naye alikuwa mfanyabiashara tangu mwanzo, akataka kutendewa kama mfanyabiashara. Torati inaamuru kibarua alipwe ujira wake kabla jua halijachwa, wala haisemi apewe kama zawadi. Nimekwisha kusoma somo hilo kanisani kwa sauti kubwa.

Mwaka huu tulikwenda tena, wiki ileile ya Juni. Mwezi mmoja kabla nilimpigia simu bibi yule, nikamwamkia, nikamuuliza bei ya kusi ambayo itamtosha yeye na mpishi, nami nikamweleza bila kuficha kiasi nilichokuwa nacho. Alisema 32,000. Fedha yangu ilitosha siku nne tu kwa bei hiyo, si sita. Watoto walinuna. Mke wangu alisema siku nne ni nyingi kwa mtu anayejua kulala.

Upepo ulikuwa mkali kuliko mwaka jana, na siku ya pili tulivuka kwa kivuko mpaka Bweni tukarudi, bila haja yoyote, kwa kuwa mtoto wa mwisho alitaka. Mpishi alitupikia samaki wa nazi. Nilimuuliza mke wangu kama safari hii amekwenda jikoni kuuliza habari za ujira. Akasema hakwenda jikoni hata mara moja, alikuwa amelala.