Mwanamke si maji ya bahari: Aulizwe, asikadiriwe

NAHODHA wa Nyamisati hahitaji kumuuliza mtu maji yatajaa saa ngapi. Anahesabu siku tangu mwezi uandame, anajua lini ni bamvua na lini ni maji mafu, na anajua mashua itaelea wakati gani katika vijito vya mikoko kuelekea Salale au Mbwera. Hesabu yake inamfaa na haimdhulumu yeyote. Maji hayana nia, hayana ulimi, wala hayatalalamika kwamba yamekadiriwa vibaya.

Swali la kujiuliza ni hili: Je, inajuzu kumhesabu mwanamke kwa namna hiyo hiyo?

Naliuliza kwa sababu hapa Kibiti, kama ilivyo Dar es Salaam na Nairobi, vijana wetu wamepata makungwi wapya, nao wamo ndani ya simu. Wanafundisha kwamba wanaume wamepangwa kwa ngazi. Wa juu ni "alfa", wa chini ni "beta". Mwanamke, wanadai, siku zote macho yake yako ngazi ya juu, na ukizijua kanuni zake utajua kesho atafanya nini. Basi kijana anaambiwa: chelewa kujibu ujumbe wake, ficha huruma yako, mtie wivu umpime. Mmoja wa walimu hao, Andrew Tate, mpiganaji wa zamani wa ngumi na mateke, alitangaza kusilimu mwaka 2022, na wapo vijana wa Kiislamu wanaodhani kuwa mafundisho yake nayo yamesilimu pamoja naye.

Tuanze na hiyo ngazi. Habari ya "alfa" ilipata nguvu kutokana na utafiti wa mbwa mwitu wa nchi za baridi, si hawa wetu wa Hifadhi ya Nyerere. Mwaka 1947 Rudolf Schenkel aliandika kuhusu mbwa mwitu waliofungiwa pamoja, wakigombea ukubwa. Mwaka 1970 David Mech akaieneza fikra hiyo katika kitabu chake. Lakini Mech huyo huyo, baada ya kuwafuatilia wanyama hao wakiwa huru porini, aliandika mwaka 1999 kwamba kundi lao kwa kawaida ni familia tu: baba, mama na watoto. Baadaye alimuomba mchapishaji aache kukichapa kitabu chake cha mwanzo. Mwenye elimu amerudi nyuma, wanafunzi wasiomsoma wangali wanasonga mbele.

Hata hivyo, tuseme haki. Si kila wanachokisema ni uongo. Mwaka 1989 David Buss alichapisha utafiti uliohusisha watu zaidi ya 10,000 katika jamii 37, akaona kwamba wanawake kwa wastani wanautazama uwezo wa kipato wa mwenza kuliko wanaume wanavyoutazama. Ila utafiti huo huo ulionesha kuwa wanaume na wanawake wote waliweka juu zaidi wema na akili. Nasi Waislamu tunajua kwamba Mtume (s.a.w) alikwishataja mambo ambayo kwayo mwanamke huolewa: mali, nasaba, uzuri na dini, kisha akausia dini. Kwa hiyo kujua kwamba watu wanatazama mali si ugunduzi. Tatizo langu liko kwingine, na ili nilieleze inanibidi nikiri kosa langu mwenyewe.

Miaka michache iliyopita kijana mmoja wa delta, mnunuzi wa kamba, aliniomba niwe mshenga wake kwa binti mmoja wa hapa Kibiti mjini. Nilipiga hesabu kichwani. Upande huu: diploma ya uuguzi, mshahara wa serikali, nyumba ya baba iko barabarani. Upande ule: darasa la saba, mashua ya kukodi, na mama anayeshinda kwenye dungu akifukuza ndege katika mpunga. Sikwenda. Nilimwambia, "Mdogo wangu, usijitie aibu, yule hatakukubali." Akanishukuru, akaondoka. Nilijiona mtu mwenye hekima.

Mwaka uliofuata nilikutana na yule binti kwenye walima wa jirani. Habari zilikuwa zimemfikia kupitia dada wa yule kijana. Akanisalimia kwa adabu, kisha akasema: "Ustadh, nasikia ulitumwa kwetu ukaishia njiani. Jibu langu ulilipata wapi?" Nikajikanyaga. Akaendelea: "Huenda ningekataa. Lakini ningekataa mimi."

Maneno hayo yamenikaa. Mimi si mfuasi wa makungwi wa simu. Ni mwalimu wa dini. Lakini nilifanya walichofanya wao: nilimuweka mtu kwenye ngazi, nikamjibia, nikaita hilo busara.

Hebu tuangalie Sira inasemaje. Bi Khadija (r.a) alikuwa tajiri, na inaelezwa kuwa wakubwa wa Kikureshi walimposa akawakataa. Kisha yeye mwenyewe akapeleka ujumbe kwa kijana aliyekuwa akifanya biashara kwa mali yake. Hapo hesabu ya ngazi imevunjika.

Atasema mtu: huyo ni mmoja tu. Vyema, tumchukue Barira (r.a). Alipoachwa huru alichagua kuachana na mumewe Mughith, ambaye alikuwa mtumwa. Mughith akawa anamfuata njiani akilia mpaka machozi yanalowesha ndevu. Mtume (s.a.w) akamuombea arejeane naye. Barira akauliza kama hiyo ni amri. Akajibiwa kuwa ni maombezi tu. Akasema hana haja naye. Kisa hiki kimo katika Sahih Bukhari.

Mwenye kuamini ngazi atashangilia: si mnaona, kapanda juu kamuacha aliye chini! Tumkubalie kwamba hapa utabiri wake umepatia. Lakini tazama: yule anayeteremshiwa Wahyi hakumkadiria Barira. Alimuomba, akasikiliza jibu, akaliheshimu. Kumbe hata utabiri ukiwa sahihi, haumpi mtabiri haki ya kukalia nafasi ya anayetabiriwa.

Wapo watakaouliza: mbona fiqhi yenyewe ina kufu? Naam, wanazuoni wa Kishafi, ambao wengi wa pwani hii tunawafuata, wametaja nasaba, dini na kazi. Lakini wamesema pia kuwa kufu ni haki ya mwanamke na walii wake, na wakiridhia kuiacha, ndoa inasihi. Yaani ni silaha aliyopewa yeye, si kipimo tulichopewa sisi cha kumfungia mlango. Na hata pale madhehebu yetu yalipompa baba mamlaka juu ya binti bikira, yalipendekeza ashauriwe. Aidha, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hapa nchini inataka ridhaa ya hiari ya wote wawili.

Tumefundishwa kwamba bikira huombwa idhini, na kunyamaza kwake ni idhini yake. Tuzingatie: ni kunyamaza kwa aliyeulizwa. Kunyamaza kwa asiyeulizwa si idhini wala si kukataa. Ni dhulma yetu tu.

Na dhulma hii inamrudia mwanamme pia. Allah (s.w) ametukataza dhana nyingi (49:12). Kijana anayemchelewesha mchumba wake kwa makusudi ili ampime, ataingia ndani ya ndoa na daftari la upelelezi. Akitendewa wema atasema ni mbinu. Akikosewa atasema nilijua. Huyo hata akioa atabaki mpweke.

Yule binti nilimuomba radhi. Kijana naye nilimpigia simu. Alikuwa amekwishaoa, akacheka, akasema ni kadari. Sikucheka. Kadari ni ya Allah, ila kutokufikisha posa kulikuwa kwangu.

Basi wazazi, washenga na vijana, tuchunguze tabia na dini kwa wanaomjua mtu, hilo ni jambo la Sunna. Tukishamaliza kuchunguza, tubishe hodi, tuulize, kisha tuwe tayari kusikia hapana. Hesabu tuwaachie manahodha.

Wabillahi tawfiq.