Ndege Aliye Nyumbani Mwako

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Mwanzo 1:28, 2:15, 8:6–12, Kutoka 20:8–11, Kumbukumbu la Torati 22:6, 7, Mithali 12:10, Mathayo 10:29, Luka 12:6, 7, 13:15.

Fungu la kukariri: Mithali 12:10, sehemu ya kwanza. Darasa lilisome kwa pamoja kutoka katika Biblia.

Katika mitaa ya Arusha na vijiji vilivyo chini ya Mlima Meru, ni nadra kukuta ua usio na ndege. Kuna kuku wa kienyeji wanaochakura migombani, kuna mabanda ya njiwa, na katika baadhi ya nyumba kuna tundu barazani lenye kasuku wawili wadogo wa kijani. Kuku wana faida inayohesabika: mayai, nyama, ada ya shule. Ndege wa tundu hana faida ya namna hiyo. Anafugwa kwa sababu anapendeza macho na sauti yake inawafurahisha watoto.

Je, Maandiko yana neno juu ya ndege kama huyo? Wengine huona kwamba jambo hili ni dogo mno kwa somo la juma zima. Lakini Mungu aliyeweka sheria juu ya kiota kilichoko njiani, na aliyewataja wanyama ndani ya amri ya Sabato, hakuliona kuwa dogo. Jinsi tunavyomtendea kiumbe asiyeweza kutushitaki kwa mtu yeyote huonyesha jinsi tunavyomfahamu Muumba wake.

Jifunze somo la juma hili kwa ajili ya maandalizi ya Sabato ijayo.

JUMAPILI
Ndege wa Nyongeza

Linganisha Mathayo 10:29 na Luka 12:6. Bei ya shomoro inatofautianaje katika mafungu hayo mawili?

Katika Mathayo, shomoro wawili wanauzwa kwa sarafu moja ndogo. Katika Luka, watano wanauzwa kwa sarafu mbili. Mtu aliyezoea soko anaelewa mara moja: kwa sarafu mbili mnunuzi alistahili wanne tu. Yule wa tano ni wa nyongeza, kama konzi ya maharage ambayo mama wa soko la Tengeru huongeza juu ya kipimo ili mteja wake arudi tena. Shomoro wa tano hana bei kabisa. Na hapo ndipo Yesu anaposema kwamba hata mmoja wao hasahauliwi mbele za Mungu.

Kaskazini mwa Tanzania imejua soko la ndege la namna hiyo. Kasuku mdogo wa Fischer, mwenye mwili wa kijani na kichwa cha rangi ya machungwa, asili yake ni nchi hii, katika nyanda za Serengeti na maeneo ya kusini mwa Ziwa Viktoria. Katika miaka ya 1980 walikamatwa kwa wingi na kupelekwa ng'ambo kufugwa majumbani. Mwaka 1987 ndiye aliyekuwa ndege wa porini aliyeuzwa kwa wingi kuliko wote katika biashara ya kimataifa. Baadaye usafirishaji wake ulisimamishwa, na leo ametajwa miongoni mwa viumbe wanaokaribia kuwa hatarini. Mwaka 2016 Serikali ilipiga marufuku usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje ya nchi.

Katika biashara kama hiyo ndege huhesabiwa kwa masanduku. Anayekufa njiani huondolewa katika hesabu, na safari inaendelea. Duniani hakuna anayemkumbuka. Yesu anatuambia kwamba iko hesabu nyingine.

Tafakari: Ni kitu gani hai nyumbani kwako ambacho umekichukua kama cha nyongeza tu?

JUMATATU
Mkono wa Nuhu

Soma Mwanzo 1:28 na 2:15. Kutawala na kutunza vinahusianaje?

Wapo wanaoishia kwenye fungu la kwanza. Wanasema, tumepewa kutawala ndege wa angani, basi ndege ni wetu. Lakini Adamu hakuwekwa bustanini kama mmiliki. Aliwekwa ailime na kuitunza. Mtawala wa namna hii ni kama mtu aliyeachiwa shamba na ndugu yake aliyesafiri: ana mamlaka ya kweli, tena atatoa hesabu ya kweli.

Sasa soma Mwanzo 8:6–12. Njiwa hakuona mahali pa kutua, akarudi. Nuhu akanyosha mkono wake, akamtwaa na kumwingiza ndani. Huyu alikuwa mzee mwenye kazi nyingi na safina iliyojaa wanyama, lakini alinyosha mkono kwa ajili ya njiwa mmoja aliyechoka. Ndege walikaa ndani ya safina muda mrefu, wamefungiwa. Walifungiwa ili waishi. Kila kilichofanyika mle ndani kilikuwa kinaelekea siku ile mlango utakapofunguliwa. Na njiwa alipotumwa mara ya mwisho, hakurudi tena. Maandiko hayasemi kwamba Nuhu alilalamika. Alijua kwamba alipewa kuwalinda tu, na mwenyewe ni Mungu.

Tafakari: Tofauti kati ya safina na mtego ni nini? Vyote viwili vina mlango unaofungwa.

JUMANNE
Kiota Njiani

Soma Kumbukumbu la Torati 22:6, 7. Mungu anaruhusu nini, na anakataza nini?

Sheria hii haikatazi mtu kutumia ndege. Mwenye njaa anaweza kuchukua makinda. Lakini mama lazima aachwe aende zake, ili apate kuzaa tena. Mungu ameweka mpaka: chukua matunda, usiharibu chimbuko. Angalia pia ahadi iliyofungamanishwa na sheria hiyo. Ni kufanikiwa na kuwa na siku nyingi, ahadi inayofanana na ile ya kuwaheshimu baba na mama. Mungu ameifunga heshima kwa wazazi na huruma kwa ndege katika fundo moja.

Wavu wa mtegaji hautambui mpaka huo. Humnasa mama na kinda pamoja. Kwa sababu hiyo sheria za nchi yetu, ikiwemo Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, zinataka kibali kwa anayekamata au kumiliki wanyamapori, na ndege wa porini wamo. Mkristo anayetii Warumi 13:1 hawezi kununua kasuku wa porini kwa siri kando ya barabara, kisha akamshukuru Mungu kwa uzuri wake.

Hapa kuna jambo gumu. Chukulia kwamba mtegaji ni ndugu wa kanisa. Ana watoto watatu shuleni, na ndege ndio ada yao. Kumwambia aache ni rahisi kwa asiyelipa ada hiyo. Katika Matendo 19:24–27 mafundi wa Efeso walipinga injili kwa sababu iligusa mapato yao, na Paulo hakubadili ujumbe. Lakini kanisa linalomwambia ndugu aache nyavu bila kumshika mkono limefanya nusu ya kazi. Kwenye miteremko ya Meru watu hufuga kuku na nyuki. Mzinga mmoja, au vifaranga kumi kutoka kwa washiriki, vyaweza kuwa mahubiri yenye nguvu kuliko karipio.

JUMATANO
Kuujua Uhai

Soma Mithali 12:10. Fungu hili linamtambulishaje mwenye haki?

Neno la Kiebrania lililotumika hapo lina maana ya kujua. Mwenye haki anaujua uhai wa mnyama wake. Upendo usiojua waweza kuua. Sehemu za Meru zimejaa miparachichi, na mtoto mwenye moyo mzuri anaweza kumpa kasuku kipande cha parachichi bila kufahamu kwamba tunda hilo ni sumu kwa ndege. Hakukosa upendo. Alikosa maarifa.

Basi anayefuga ndege aliyepatikana kwa halali, aliyezaliwa kwa wafugaji, na ajifunze. Tundu liwe na nafasi ya ndege kunyosha mabawa yote mawili bila kugusa waya. Maji yabadilishwe kila siku. Uwele na mtama ni chakula kizuri, lakini nafaka pekee hazitoshi. Aongezewe mchicha uliooshwa na karoti. Tundu lisiwekwe karibu na jiko, kwa maana mapafu ya ndege ni dhaifu mbele ya moshi wa mkaa, na pia mbele ya hewa itokayo kwenye kikaango cha kisasa kisichogandisha chakula kinapopata moto kupita kiasi. Mwezi wa Juni na Julai, baridi ya Arusha inapozidi, tundu liingizwe ndani na kufunikwa kwa kanga usiku. Ndege mgeni atengwe na kuku kwa wiki kadhaa, asije akaleta mdondo bandani. Na mikono inawe kila baada ya kusafisha, kwa sababu kinyesi cha kasuku chaweza kumwambukiza mtu ugonjwa wa mapafu.

Kasuku hawa wadogo huishi kwa makundi porini, hivyo mmoja peke yake huteseka kwa upweke. Tena wanaweza kuishi miaka 10 na zaidi. Anayemnunulia mtoto wa darasa la kwanza kasuku anatoa ahadi itakayofika mpaka mtoto huyo amalize kidato cha nne. Afadhali kutoahidi kuliko kuahidi na kuacha.

ALHAMISI
Sabato Ndani ya Tundu

Soma Kutoka 20:8–11 na Luka 13:15. Wanyama wana sehemu gani katika Sabato?

Amri inawataja wanyama pamoja na wana, watumishi na mgeni. Nao wamo katika pumziko. Yesu alipowajibu waliomlaumu, aliwakumbusha kwamba wao wenyewe humfungua ng'ombe siku ya Sabato na kumpeleka kunywa maji. Hivyo kumpa ndege maji na chakula siku ya Sabato si kuivunja Sabato. Kumwacha na kiu tangu alfajiri hadi ibada ya jioni, kwa sababu familia nzima iko kanisani, ndiko kuivunja.

Siku ya maandalio ipo kwa ajili hiyo. Ijumaa mchana tundu lisafishwe, nafaka ipimwe, chombo cha maji kioshwe. Kazi hiyo wapewe watoto. Mtoto anayejifunza kumkumbuka asiyeweza kuomba maji anaandaliwa kumkumbuka bibi aliyelala kitandani na jirani asiye na sauti.

IJUMAA
Jifunze Zaidi

Ellen G. White, alipoeleza habari za Balaamu na punda wake, aliandika kwa ukali juu ya wanaowatesa wanyama kwa sababu tu wako chini ya uwezo wao, akaonya kwamba hukumu itawafikia. Soma pia Yona 4:11. Mungu alipoihurumia Ninawi, aliwataja wanyama wake.

Wengine, wakiisha kusoma hivi, watataka kufungua tundu leo hii. Wasiwe na haraka. Ndege aliyezaliwa ndani ya tundu hamjui mwewe wala hajui kutafuta chakula, na kumwachia ni kumwua polepole. Tena kumwachia mahali pasipo pa asili yake huleta vurugu: huko Naivasha, Kenya, kasuku wa Fischer waliotokana na ndege wa kufugwa wamezaliana na jamii nyingine. Aliyenunua ndege wa porini na aende kwa afisa wanyamapori aseme ukweli. Huenda itamgharimu. Zakayo naye ilimgharimu.

Maswali ya Kujadili:

1. Ndugu mtegaji wa somo la Jumanne yuko darasani kwenu. Mtamwambia nini, na mtafanya nini kabla ya mwisho wa mwezi?

2. Baba anatambua kwamba kasuku aliomnunulia binti yake waliibwa porini. Binti anawapenda sana. Atamwelezaje bila kumfundisha kwamba utii ni adhabu?

3. Warumi 8:19–22 inasema viumbe vyote vinaugua vikingoja. Tumaini la marejeo ya Yesu linatufanya tujali zaidi au tusijali? Eleza.

4. Yesu alisema kwamba sisi ni bora kuliko shomoro wengi. Kwa nini ubora huo hautupi ruhusa ya kuwadharau?