Ahadi Chini ya Sheria Kuukuu

Msomaji, hebu jiulize: ikiwa mwenye mamlaka amekupa ahadi kwa maandishi, na baadaye ikaonekana kuwa alipokuahidi hakuifuata sheria, ahadi hiyo yamfunga nani?

Sheria ya madini ya Kenya ilitungwa mwaka 1940, Mwingereza akiwa mtawala, ikadumu hata mwaka 2016. Katika muda huo nchi ilipata uhuru, ikatunga sheria ya mazingira mwaka 1999 na katiba mpya mwaka 2010. Sheria ya madini ikabaki pale pale, mithili ya mzee asiyeambiwa kuwa wajukuu wake wamehamia nyumba nyingine. Mgeni aliyekuja na fedha zake aliikuta ruhusa moja imetawanyika katika vitabu vingi na kwa wakubwa wengi.

Kilima cha Mrima huko Kwale kina madini ya thamani kubwa. Juu yake pana msitu wa hifadhi, na ndani ya msitu mna kaya ya Wadigo. Machi 2013 kampuni ya Cortec ilipewa leseni ya kuchimba huko. Agosti mwaka huo huo ikafutwa. Wenye kampuni wakaishtaki Kenya mbele ya baraza la usuluhishi la kimataifa, na mwaka 2018 wakashindwa. Baraza liliamua kuwa leseni ilikuwa batili tangu mwanzo, kwa kuwa haikutanguliwa na idhini za msitu na mazingira.

Naona hukumu ilikuwa ya haki, maana msitu si mali ya mtia sahihi. Lakini moyo hautulii. Aliyetoa leseni ni Serikali, na aliyenufaika na kasoro yake ni Serikali hiyo hiyo. Siwatetei matajiri, wanao mawakili wa kutosha. Nasema tu kwamba mgeni wa pili, akiyasikia ya wa kwanza, hatakuja ila kwa masharti mazito zaidi, na gharama ya woga wake italipwa na wananchi. Na sheria isiyoeleweka haimtishi mdanganyifu, humpa kichaka.

Sheria ya 2016 imeweka mgawanyo wa mrabaha: asilimia 70 kwa Serikali ya taifa, 20 kwa kaunti, 10 kwa jamii ya mahali. Katika kesi ya Mrima, mdai alikuwa mchimbaji na mdaiwa Serikali. Wazee wa kaya hawakuwa upande wowote.