Samaki Tuliyepewa

Wasomaji wengi wa ukurasa huu wanatufahamu kwa chaki kuliko kwa ndoana. Tulifundisha walimu chuoni hadi umri wa kustaafu ulipotufikia, kisha tukarudi Dar es Salaam, tukapata vyumba viwili nyuma ya Mtaa wa Mchikichi. Na kwa kuwa mstaafu asiye na shughuli huwa mzigo kwa watu wa nyumbani, tukajifunza kuvua kwa mshipi. Huko ndiko lilikotukuta swali ambalo vitabu vya chuoni havikutuandaa kulijibu: mtu akikupa kitu kwa sababu anakuheshimu, je, amekupa?

Tuanze na mahali penyewe. Gati za bandari zimefungwa kwa wasio na kazi humo, na ni sawa. Lakini upande wa Kivukoni, kuelekea Feri, upo ukuta wa bahari ambapo mtu aweza kusimama na mshipi wake. Wakati wake hasa ni kipupwe, Juni hadi Agosti. (Wenzetu waliotoka Njombe na Makete huzicheka sweta zetu, kwao nyuzi 19 za alfajiri ni joto.) Miezi hiyo kusi huvuma kwa nguvu, bahari ya nje huchafuka, na wenye ngalawa na mitumbwi hushinda pwani wakitazama mawimbi. Samaki hupanda bei. Basi ukutani watu huongezeka, na si wote waliokuja kupunga upepo. Wapo kama sisi, wenye pensheni ndogo inayochelewa lakini inakuja. Na wapo ambao ndoana ikitoka tupu, jioni na sufuria ni tupu. Kwa macho huwezi kuwatenga, maana wote huvua kwa namna moja: uzi wa nailoni uliozungushwa kwenye kipande cha ubao au chupa ya plastiki, chubwi ya risasi, ndoana, na chambo cha ngisi au kamba. Wakati wa bamvua maji ya hapa hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na yanapokaribia kujaa ndipo mtu huomba asiitwe nyumbani.

Jirani yetu pale ukutani alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, mchukuzi wa Kariakoo. Jina lake tutaliacha. Yafaa kukumbuka kwamba Kariakoo yenyewe ilipata jina kwa wachukuzi, wale wabeba mizigo wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, waliopiga kambi hapo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Midomo ya wenyeji ikaligeuza jina likakaa hivyo hadi leo. Usiku wa Julai 10, 2021, soko kuu, jengo lile alilolisanifu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, liliungua. Wengi waliwasikitikia wenye vizimba, na walistahili kusikitikiwa. Sisi tuliokuwa jirani tuliona pia mikokoteni iliyoegeshwa kutwa nzima bila gunia hata moja. Kijana wetu akaanza kuonekana ukutani hata siku za kazi.

Jumamosi ya Julai 24, siku chache baada ya Idi ya Kuchinja, mwezi ulikuwa mpevu na maji yalikuwa yakijaa alasiri. Adhana iliposikika alitugeukia akasema, “Mwalimu, nishikie kidogo, nakwenda kuswali.” Tukaushika mshipi wake mkono wa kulia, na wetu mkono wa kushoto. Hazikupita dakika kumi, wake ukavutwa kama umekamatwa na mtu. Tuliuachia wetu ukaanguka majini (na hatukuuona tena), uzi ukatukata kidole, na mzee mmoja wa pembeni akatushika kiuno tusije tukaufuata huko huko. Alipopanda ukutani alikuwa kolekole wa kilo nne hivi, anang'aa kama sinia jipya.

Kijana aliporudi tulimwonyesha samaki wake. Akatazama, akacheka, akasema, “Huyo wako, Mwalimu. Mimi nimekaa tangu asubuhi hakunijia. Amekuja mkono wako.”

Tukamwambia, “Lakini mshipi ni wako, na chambo ni chako.”

“Riziki haina mwenyewe. Chukua, Mwalimu.”

Mnajua jinsi watu wa ukutani walivyo. Shauri la wawili likawa la kumi. Mmoja alisema samaki ni wa mwenye mshipi, kama vile ndama alivyo wa mwenye ng'ombe hata akizalishwa na jirani. Mwingine akasema ni wa mkono uliomtoa majini, kwani mshipi usiovutwa haumleti samaki nchi kavu. Yule mzee aliyetushika kiuno akakumbusha kwamba naye ana kiuno chake katika jambo hilo.

Hata wenye vitabu wamelishindania. Mholanzi Hugo Grotius, alipowapinga Wareno waliodai kuimiliki njia ya bahari hii hii ya Hindi, aliandika mwaka 1609 kwamba bahari ni ya wote. Mwingereza John Locke, katika kitabu kilichotoka mwaka 1689, alisema samaki wa bahari ya wote huwa mali ya yule aliyefanya kazi ya kumtoa humo. Kwa hesabu hiyo kolekole ni wetu, na kidole kilichokatwa ndicho ushahidi. Lakini Locke huyo huyo alihesabu mabonge ya udongo wenye nyasi yaliyokatwa na mtumishi wake kuwa mali yake yeye bwana. Na sisi kwa dakika zile kumi tulikuwa nani, kama si watumishi wa yule kijana? Tulipofika hapo tuliona kwamba mwanafalsafa naye hutoa jibu kulingana na upande aliosimama.

Tukamchukua samaki. Tuliagana vizuri, tukapita Mnazi Mmoja naye ananing'inia kwenye kamba, na watu wakatusimamisha njiani. “Mwalimu, leo umeopoa!” Tuliitikia. Hatukumwambia hata mmoja kwamba mshipi haukuwa wetu. Nyumbani palikuwa na furaha, na tulikula kwa nazi hadi tukashiba.

Usiku ndipo tulipoanza kuhangaika. Tulijiuliza: kijana yule angewezaje kusema vinginevyo? Yeye hutuamkia shikamoo. Sisi ni rika la baba yake. Tena anatuita Mwalimu. Katika malezi yetu mdogo hamwambii mkubwa, “Nipe samaki wangu.” Neno “chukua” lilikuwa mdomoni mwake kabla hajafikiri, kama vile “karibu” linavyokuwa mdomoni mwa mtu anayekula chakula kisichomtosha. Na mwenye adabu, akikaribishwa hivyo, hutazama sahani kwanza.

Hatukuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Enzi zetu za kazi, tulipokwenda kuwakagua wanachuo waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha vijijini, mara nyingi tuliondoka na kuku aliyefungwa miguu. Tulijiambia ni ukarimu. Pengine ulikuwa ukarimu kweli. Lakini kalamu ya alama ilikuwa mfukoni mwetu, na hakuna kijiji kilichowahi kutuletea kuku kabla ya kalamu hiyo. Hatusemi kila zawadi ya mdogo kwa mkubwa ni kodi. Tunasema mkubwa ndiye pekee anayeweza kuuliza kama ni kodi, kwa sababu mdogo akiuliza atakuwa amekosa adabu.

Mtu atatujibu kwamba kukataa nako ni kosa. Ni kweli, na hapo ndipo palipotutatiza zaidi. Ukimrudishia maskini alichokupa unamwambia kwamba hana cha kutoa, kwamba yeye ni wa kupokea tu maisha yake yote. Mchukuzi asiye na mzigo wiki mbili, ambaye bado aweza kumpa mzee samaki wa kilo nne mbele za watu, siku hiyo ni bwana. Nani ana haki ya kumvua ubwana huo? Wanaosoma Injili watakumbuka kwamba mahali ndoana inapotajwa humo, katika Mathayo 17, ile fedha iliyotoka kinywani mwa samaki ililipa kwa ajili ya wawili, na Petro hakuambiwa ajadili nusu ipi ni ya nani.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda na mshipi mpya na noti mfukoni. Hakuwapo. Wala iliyofuata. Kipupwe kikaisha, kusi likalegea, ngalawa zikarudi nje, ukuta ukabaki na wapunga upepo. Tulimwona Oktoba, Mtaa wa Kongo, anasukuma mkokoteni wa vitambaa, jasho linamtoka. Alisimama akatuamkia. Tukamweleza yote kama tulivyowaeleza ninyi, na tukatoa ile noti.

Uso wake ulibadilika. “Mwalimu, yule nilikupa. Ukinilipa leo utakuwa umeninunua.”

Tukairudisha mfukoni, tukaona haya mara ya pili. Akashika tena mikono ya mkokoteni, kisha akaiacha. Alisema kwamba kwao Mafia chombo kikirudi, mapato hugawanywa, sehemu ya chombo na nyavu, sehemu ya nahodha, sehemu za mabaharia; na hata mtu aliyepita tu njia akasaidia kuvuta kamba hapewi mkono mtupu, hupewa kitoweo.

“Sikutaka samaki,” akasema. “Lakini ungeniachia kichwa. Mama watoto angepika mchuzi.”

Nyuma yake mwenye duka alikuwa akipiga kelele kwamba mzigo unachelewa. Akatuaga kwa heshima, akaondoka nao.