Haki ya Kudeka

Wahenga wetu walituachia methali fupi isemayo: yatima hadeki. Tumezoea kuinukuu kuwa ni onyo kwa mtoto, aijue hali yake na asitake makubwa. Swali ninalopenda kuliweka mbele ya wasomaji ni hili: je, methali hii inaeleza tu jinsi ulimwengu ulivyo, au inaturuhusu tuuache vivyo hivyo?

Tuchukue mfano wa Kagera, mkoa ambako wagonjwa wa mwanzo wa ukimwi nchini Tanzania walitambuliwa mwaka 1983. Katika miaka iliyofuata, vikongwe waliozika wana wao walibakia na wajukuu wa kulea; na pale nguvu zao zilipokoma, baadhi ya watoto hao walipokewa katika makao ya mayatima. Kuyabeza makao hayo itakuwa ni kukosa insafu.

Maisha katika makao ya vijijini, yenye shule ubavuni, huongozwa na kengele, aghalabu kipande cha chuma kilichotundikwa mtini. Hugongwa alfajiri, watoto wakashika madumu kwenda kuteka maji. Hugongwa tena kwa uji, kwa darasa, kwa ugali na maharage, na mwisho kwa kulala. Utaratibu huu si uovu; mlezi mwenye watoto ishirini mikononi mwake hana njia nyingine. Ila mtoto mmoja akiisukuma sahani yake kando, ni nadra kupatikana mwenye wasaa wa kumuuliza kulikoni.

Nasi tusidhani kwamba kudeka ni utovu wa adabu. Mtoto humdekea yule tu ambaye ana yakini kuwa hatamwacha. Anayesusa chakula anajua kuwa atabembelezwa. Asiye na wa kumsusia hula upesi na hushukuru upesi, nasi tukamsifu kuwa ametulia.

Hayo hudhihiri zaidi wajapo wageni wenye misaada. Watoto hupangwa mistari, huimba, hupigwa picha. Mgeni njoo, mwenyeji apone; ni kweli. Lakini mtoto anayetakiwa achangamke ili ghala lijae, huyo amekwisha kuajiriwa, na kazi yake ni kuwa yatima. Tena katika nchi nyingi imebainika kuwa wengi wa watoto waliomo makaoni wana mzazi aliye hai, na kilichowapeleka huko ni ufukara. Ndiyo sababu miongozo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2009 ikasema kwamba umaskini pekee usiwe hoja ya kumtenga mtoto na wazazi wake. Nayo Kenya ilijiwekea mkakati wa miaka kumi, 2022 hadi 2032, wa kuwarejesha watoto katika malezi ya familia na jamii.

Hata hivyo, tusijifurahishe mapema. Methali ile haikutungwa makaoni; ilitungwa majumbani mwetu, kabla ya makao hayo kujengwa. Ni nyumbani kwa ami au kwa shangazi ambako mtoto wa marehemu huosha vyombo huku wenziwe wakienda chuoni, na ambako kila tonge huambatana na ukumbusho. Kumrudisha mtoto kwa jamaa zake, basi, si lazima kuwe ni kumrudishia utoto wake. Damu hufungua mlango, lakini haimtandikii mtu kitanda.

Kwa hiyo naona kuwa wema wetu kwa yatima haupimwi kwa magunia ya mchele wala kwa idadi ya vitanda, ijapokuwa bila ya hivyo hapana malezi. Wala haupimwi kwa shukurani zake, kwani shukurani za mwenye hofu hazimthibitishii mtu wema. Kila amleaye yatima, awe makaoni au nyumbani, na ajiulize kama mtoto huyo amewahi kumnunia, kisha akaamka siku ya pili bila ya wasiwasi.