Ufunguo Kidoleni

Wiki nzima nimekuwa nikiitazama picha ya pete moja ya Kirumi. Ni ya shaba nyeusi, na pale tunapotarajia jiwe la thamani pamechomoza meno ya ufunguo. Pete za namna hii zimefukuliwa kwa wingi katika nchi zilizokuwa chini ya Rumi, na baadhi zimehifadhiwa British Museum, London. Sababu yake ni nyepesi tu: toga haikuwa na mifuko. Basi ufunguo wa kasha dogo la vito au fedha ukavaliwa kidoleni.

Mwanzoni nilisema, jamani, hawa watu walikuwa wabunifu! Kisha swali likaninasa: pete hii ilitangaza nini? Kwamba mvaaji ameaminiwa, au kwamba yeye hamwamini mtu?

Kuna ushahidi wa jibu la kwanza. Mwaka 44 K.K., katika hotuba yake ya pili dhidi ya Marko Antonio, Cicero alimkejeli kwa kumfukuza hawara yake, mwigizaji, kana kwamba anampa mke talaka: eti alimnyang'anya funguo kwa kufuata Sheria za Mbao Kumi na Mbili. Kejeli hiyo ilieleweka kwa sababu kila Mrumi alijua kwamba mke hukabidhiwa funguo za nyumba, na siku akinyang'anywa, ndoa imekwisha.

Jibu la pili analo Pliny Mzee, aliyekufa mwaka 79 B.K. Vesuvius ilipolipuka. Yeye alilalamika kwamba siku hizi hata chakula na kinywaji vinapigwa muhuri wa pete visiibwe. Zamani, anasema, bwana alikuwa na mtumwa mmoja, wakila pamoja, na hapakuwa na haja ya kulinda kitu ndani ya nyumba. Sasa nyumba zimejaa majeshi ya watumwa, wageni ambao bwana hata majina yao lazima akumbushwe.

Pliny aliona vizuri, ila akaishia njiani. Alimwona mtumwa anayeweza kuiba mvinyo. Hakuuliza nani alimwiba mtumwa mwenyewe. Mtu ametolewa kwao, jina lake halijulikani, halipwi kitu, halafu anayeitwa mwizi ni yeye. Kufuli lilikuwa kwenye kasha, lakini wizi mkubwa ulikuwa umeshafanyika.

Ningependa kuishia hapo, kwa Warumi, maana kuwahukumu wafu ni rahisi. Lakini kabati la jikoni kwangu lina kufuli. Ndani mna sukari, mafuta na maziwa ya kopo. Ufunguo huwa naondoka nao kwenda kazini. Nyumbani namwacha dada wa kazi pamoja na mwanangu wa miaka miwili.

Yaani mtoto nimemkabidhi, sukari nimeifungia!

Dada si mtumwa, najua. Akitaka kuondoka, ataondoka. Ila mshahara ninaomlipa nisingekubali kulipwa mimi hata kwa wiki mbili, na lile kufuli nililiweka kabla sijapotelewa na kijiko kimoja cha sukari. Nilikuwa naogopa nini? Nadhani nilijua kwamba anastahili zaidi ya ninachompa, nikahofia asije akajichukulia.

Kuliondoa kufuli ni kazi ya dakika moja. Mazungumzo ya mshahara ndiyo ninayoyakwepa, na lazima yatangulie.