Mjane Aliyerudi Tena kwa Hakimu

Somo: Luka 18:1–8



Somo letu linamhusu mama asiyetajwa jina, aliyefiwa na mume, asiye na wa kumtetea. Alikuwa na dai lake. Hakimu wa mji ule hakumcha Mungu wala hakumjali mtu, na mwanzoni hakutaka kumsikiliza. Mama akarudi, na kurudi tena, mpaka hakimu akachoka na kumpa haki yake. Luka anatuambia mfano huu unafundisha kuomba bila kukata tamaa. Hata hivyo tukumbuke kwamba Bwana wetu alimchagua mjane aliyekwenda mahakamani, wala hakumlaumu kwa kwenda huko.

Tunalisema hili kwa sababu jambo la namna hii limefika mara kwa mara katika vikao vyetu vya nyumbani. Familia inaingia katika duka la simu. Muuzaji anawachangamkia, anawaambia wachukue simu mbili kwa mkataba wa miaka miwili, na baada ya miezi mitatu watarudishiwa dola 300 taslimu. Wanatia sahihi. Wanajaza fomu na kutuma risiti. Miezi inapita. Wakiuliza, leo wanaambiwa fomu ilichelewa, kesho wanaambiwa haikuonekana, keshokutwa muuzaji yule hayupo tena. Kwa kima cha chini cha mshahara wa Ontario, ambacho kuanzia Oktoba 2025 kilikuwa dola 17.60 kwa saa, dola 300 ni kama saa 17 za kazi. Ni zamu mbili za usiku na zaidi. Yakobo 5:4 inatufundisha kwamba ujira uliozuiliwa una sauti, na Mungu anaisikia.

Wengi wetu hufika hapo tukasema, "Basi, tumwachie Mungu." Wapendwa, tujipime. Kusamehe ni tendo la mtu aliye huru: anaijua haki yake, anajua angeweza kuidai, kisha anaiachia kwa moyo mweupe. Bwana alifundisha kuachia hata joho, na anayeweza kufanya hivyo abarikiwe. Lakini anayenyamaza kwa sababu anaona haya kwa Kiingereza chake, au anadhani mahakama itamharibia makaratasi yake ya uhamiaji, huyo hajasamehe. Ameogopa. Na woga wetu una gharama kwa jirani: duka lililotunyima sisi litamfanyia vilevile mama aliyeshuka Pearson wiki iliyopita na watoto wake.

Kwa hiyo tujue haki yetu. Kudai deni katika mahakama ya madai si kosa la jinai. Ontario ina Mahakama ya Madai Madogo, kama ile ambayo ndugu zetu wa Kenya waliipata mwaka 2021. Tangu tarehe 1 Oktoba 2025 inasikiliza madai hadi dola 50,000. Kabla ya hapo kikomo kilikuwa dola 35,000. Unaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili. Kuna ada ya kufungua kesi, na mwenye kipato kidogo anaweza kuomba asamehewe ada hiyo. Kwa kawaida muda wa kudai ni miaka miwili tangu ulipojua umenyimwa, kwa hiyo tusilale.

Ipo pia Sheria ya Ontario ya Kumlinda Mlaji ya mwaka 2002. Inasema maneno ya mkataba yakiwa na maana mbili, yasomwe kwa faida ya mlaji. Tena, katika kupima kama mteja ameonewa, inaruhusu kuangalia kama mtu hakuweza kujilinda kwa kuwa hakuielewa lugha ya mkataba. Sisi wageni tumo ndani ya sheria hiyo!

Tarehe 4 Aprili 2019 Mahakama ya Juu ya Kanada iliamua jambo katika kesi ya wateja dhidi ya kampuni ya TELUS. Wateja walilalamika kwamba muda wa simu zao ulikuwa ukihesabiwa kwa kujazia dakika nzima bila wao kuambiwa. Mkataba ulikuwa unawapeleka kwa msuluhishi wa binafsi. Wateja wa kawaida, kwa kulindwa na sheria hiyo ya 2002, walibaki na njia ya mahakama. Waliochukua simu kwa jina la biashara walizuiwa. Ukishawishiwa kuandikisha simu ya nyumbani kwa jina la biashara, kumbuka hilo.

Lakini Mkristo anadai namna gani?

Kwanza, kwa ukweli. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na sisi wauguzi tunafundishwa kwamba kisichoandikwa hakikufanyika. Tunza tangazo, mkataba, risiti, tarehe na jina la uliyezungumza naye. Usitie chumvi. Kama ni dola 300, dai 300. Walawi 19 inakataza mizani ya udanganyifu, na mizani hiyo inaweza kuwa mkononi mwa mteja pia.

Pili, kwa amani. Anza na barua ya upole, ukitaja siku ya mwisho. Ikiwa ahadi ni ya kampuni ya simu yenyewe, na umeshailalamikia bila kusikilizwa, iko Tume ya Malalamiko ya Mawasiliano na Televisheni, ambayo haimtozi mteja kitu. Na kesi ikipingwa, mahakama huwaita wote wawili kwanza katika kikao cha kutafuta mapatano. Mathayo 5:25 inatuhimiza kupatana na mshitaki tukiwa bado njiani. Ukipewa pendekezo la haki, lipokee.

Tatu, bila chuki. Kijana wa dukani naye huenda ni mgeni anayetafuta mkate. Tunadai kilicho chetu, hatulipizi kisasi. Na tujue kwamba hukumu ni jambo moja na kulipwa ni jingine. Mshindi ndiye anayefuatilia malipo yake. Tusiweke roho zetu rehani kwa dola 300.

Ndugu akimdai ndugu hapa kanisani, tuanze kwa wazee, kama 1 Wakorintho 6 inavyotuonya. Lakini Paulo huyohuyo, alipoonewa na wenye mamlaka, alikata rufaa kwa Kaisari.

Sisi si wanasheria. Ila Jumapili ijayo baada ya ibada tutakaa na yeyote mwenye mkataba asiouelewa, tuusome pamoja, na inapohitajika tumsindikize kwenye kliniki ya msaada wa kisheria. Mjane wa Luka alikwenda peke yake. Kwetu asiende mtu peke yake.

Tuombe: Ee Mungu wa wajane na wageni, tupe ujasiri usio na chuki, na msamaha usio woga. Wakumbuke wanaotudai sisi, utupe mioyo ya kuwalipa. Kwa jina la Yesu. Amina.